Filta ya sponji na pampu ya hewa kwa tangi la samaki: seti inauzwa bila chekivalvu, na muuzaji haoni kosa

Ndani ya boksi mna pampu, sponji yenye kitako, mpira mwembamba wa kupitishia hewa na jiwe la hewa. Chekivalvu hamna. Ni kadude ka plastiki kafupi kuliko kidole cha mwisho, kanaruhusu hewa kwenda kwenye tangi na kuzuia maji yasirudi kwenye pampu. Bei yake haifiki chupa mbili za soda. Kwa sababu ya kukosekana kwake, umeme ulipokatika usiku maji yalirudi kinyumenyume, yakapita ndani ya pampu na kutiririka sakafuni mpaka kwenye ekstensheni. Kulipokucha tangi lilikuwa limeshuka vidole vinne. Kwa tangi la sentimita 60 kwa 30, hizo ni kama lita 12 au 13, na ekstensheni ilikuwa bado imechomekwa ukutani. Umeme ungerudi kabla hajaamka mtu, sijui tungekuwa tunaongea nini sasa.

Na valvu haikusahaulika. Niliiulizia wakati wa kununua, duka liko katikati ya mji hapa Mwanza. Jibu lilikuwa: "Kaka, hayo mambo ya Wazungu. Watu wote wanafunga hivyo hivyo." Niliporudisha pampu, ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani, aliitazama kwa mbali bila hata kuishika. "Si umeiweka chini mwenyewe? Mimi nifanyeje?" Sasa tazama mchoro ulioko kwenye boksi analouza: tangi juu ya meza, pampu chini ya meza, mpira umepanda wima. Anayefuata mchoro anaharibikiwa, akilalamika anaambiwa kosa ni lake. Hilo ndilo lililonikera kuliko pampu yenyewe.

Maji hurudi hivi. Pampu ikiwa inafanya kazi, hewa inasukuma maji nje ya mpira. Ikizima, msukumo unaisha na maji yanapanda ndani ya mpira. Tangi likiwa limejaa karibu na ukingo, yanabakiwa na kipande kifupi tu kuvuka. Yakishavuka na kuanza kushuka upande wa pili, yanajivuta yenyewe, sawasawa na fundi anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tenki la pikipiki. Vijilimi vya ndani ya pampu vinayachelewesha kidogo, lakini havikutengenezwa kuzuia maji. Na kwa kuwa mpira wa filta hii unafika chini kabisa kwenye kitako cha sponji, hakuna cha kuyasimamisha mpaka tangi linakaribia kukauka. Furu wako, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanabaki wanatapatapa kwenye tope.

Kinga ziko mbili na ni vizuri kuwa nazo zote. Ya kwanza ni kuweka pampu juu kuliko usawa wa maji: kwenye rafu, au uitundike kwenye msumari ukutani. Ya pili ni chekivalvu: kata mpira nje ya tangi, uichomeke hapo katikati. Mshale uelekee kwenye tangi. Nyingine hazina mshale, kwa hiyo ipulize kwa mdomo: upande unaopitisha pumzi ndio unaokaa kuelekea pampu. Ukiigeuza, hewa haitoki kabisa, pampu inapata joto na mpira wake wa ndani unapasuka mapema. Waya wa umeme nao uuache uning'inie chini ya soketi kisha ndio upande, ili tone likitiririka kwenye waya lidondokee kwenye kona ya chini lisiingie kwenye soketi. Ekstensheni isilale sakafuni. Hata kama una chekivalvu, isilale sakafuni.

Kufunga chenyewe si kazi ya fundi. Sponji mpya ioshe kwa maji matupu, sabuni isiiguse hata tone. Izamishe kwenye ndoo na uiminye humo humo majini mara nyingi mpaka mapovu yaishe. Usipofanya hivyo itaelea, na utadhani kitako ni chepesi kumbe ni hewa iliyonaswa kwenye vitundu. Jiwe la hewa liingie ndani ya bomba la katikati ya sponji, karibu na chini. Kuna watu wanalitupa kwa kuona halina kazi. Bila jiwe, mapovu yanakuwa makubwa, yanatoka blup blup na kurusha matone nje. Kwa jiwe yanakuwa madogo na mengi, na ndiyo yanayoinua maji vizuri: mapovu yanapanda kwenye bomba, yanabeba maji, na maji mengine yanalazimika kupita kwenye sponji kujaza nafasi hiyo. Mdomo wa bomba uache uwe sawa na uso wa maji au chini yake kidogo. Mpira ukigoma kuingia kwenye kichomeo, yaani kile kijibomba cha kuuchomekea, chovya ncha yake kwenye maji ya moto nusu dakika utalainika.

Pampu ikiwa na nguvu kupita kiasi, usikunje mpira wala kuufunga kamba. Weka kigawanyio chenye koki mbili, hewa ya ziada itokee nje. Kelele nazo zinatibika: kata kipande cha ndala iliyochakaa uiweke chini ya pampu. Ule mngurumo mwingi ni wa meza.

Hapa lazima niseme haki. Sponji hii, ile ya rangi nyeusi yenye vitundu vya wastani, ni nzuri kuliko filta za bei mara tano. Kwa anayefuga furu ndiyo filta ya kwanza ninayoweza kumshauri. Furu jike hubeba mayai mdomoni, na siku anapowatema watoto ni wadogo mno. Filta ya kunyonya kwa injini inawameza mmoja mmoja. Kwenye sponji wanakaa juu yake wakidonoa vijidudu, na hakuna anayevutwa ndani. Umeme ukikatika, sponji iko wazi kwenye maji ya tangi, kwa hiyo bakteria wake wanavumilia muda mrefu kuliko wale waliofungiwa kwenye filta ya kopo, ambamo maji yaliyosimama yanaishiwa hewa upesi. Kukiwa giza kwa saa nyingi, usilishe. Chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeamua kuipa nyota nne.

Ila usitegemee kazi yoyote siku ya kwanza. Sponji mpya inanasa uchafu tu. Kinachosafisha maji ni bakteria wanaoota ndani yake na kugeuza amonia inayotoka kwa samaki na kwenye mabaki ya chakula kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wanahitaji wiki 4 hadi 6. Anza na samaki wawili watatu, chakula kidogo. Wakipanda juu kuhema na mashavu yanakwenda mbio, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo. Ukiwa na jirani mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa, mwombe akuminyie sponji yake ndani ya tangi lako. Maji yatachafuka siku moja, lakini umefupisha safari sana.

Kosa linaloua samaki wengi ni la siku ya kuosha. Maji yanapungua kasi kwenye bomba, mtu anaona sponji imejaa tope, anaipeleka bombani na kuisugua mpaka irudi kama mpya. Maji ya bomba ya mjini yana klorini, na klorini inaua bakteria wale wale uliowasubiri mwezi mzima. Samaki wanaanza kufa baada ya siku mbili tatu na lawama zinaangukia chakula. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, minya sponji humo mara nne au tano, itoe wingu la kahawia, irudishe. Isiwe safi. Kila baada ya wiki mbili hadi nne inatosha, kulingana na wingi wa samaki. Maji mapya ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 kwanza.

Wengine wanachota maji ziwani kwa kuwa ni karibu. Ukichota kwenye matete utaleta konokono, na konokono wa ufukweni ndio wanaobeba kichocho. Yachuje kwa kitambaa, yaache siku mbili kabla ya kutia mkono.

Nirudi kwenye nyota. Nne zilikuwa za sponji. Lakini mimi sikununua sponji, nilinunua seti, na aliyenunua seti ameaminishwa kuwa kila kinachohitajika kimo. Mzazi anamnunulia mtoto, anafunga kama mchoro unavyosema, pampu chini ya meza, ekstensheni pembeni yake, mtoto anashuka kitandani asubuhi miguu mitupu kwenye maji. Kila nikiufikiria mguu ule nashindwa kuacha nyota nne. Nyota mbili, na hizo ni za sponji tu. Muuzaji sina cha kumpa.

Anayeitaka bado anunue sponji peke yake, pampu atafute ya duka jingine, na mpira asipungukiwe: mita mbili zinakupa nafasi ya kuipandisha pampu kwenye rafu. Chekivalvu ichague mwenyewe na uipulize hapo hapo dukani, pande zote mbili. Pumzi ikipita kote kote ni mbovu, iache juu ya meza ya muuzaji.