Uchambuzi: Safari ya Meli ya Kuona Barafu ya Glacier Bay

Watazamaji wapendwa, leo tunachambua safari ya meli ya kitalii kwenda Glacier Bay, Alaska, ambako mito ya barafu huteremka kutoka milimani hadi kuingia baharini. Ushauri wangu ni huu: lipieni njia, msilipie anasa. Chumba chenye roshani humwonyesha abiria upande mmoja tu, ilhali sitaha za juu ni za wote, na nahodha huigeuza meli polepole ili kila upande upate kuona.

Kiini cha safari ni Margerie, ukuta wa barafu wenye upana wa takriban kilomita 1.6. Itazameni picha hii kwa makini: pale palipomeguka karibuni pana buluu iliyokolea, kwa sababu theluji ya miaka mingi imeshindiliwa kwa uzito wake yenyewe hadi hewa nyingi ikatoka, na barafu iliyoshikana namna hiyo hufyonza mwanga mwekundu. Mara nyingi vipande vidogo hutangulia kuporomoka kabla ya pande kubwa kuanguka, kwa hiyo elekezeni kamera hapo wala msingoje mlio, maana macho huona maji yakiruka ndipo ngurumo ifike. Barafu haina ratiba. Muuza tiketi akiwaahidi kwamba itameguka mbele yenu, msimwamini.

Walinzi wa hifadhi hupanda melini kutoa maelezo, na kwangu hayo yanapita burudani zote za jioni. Katika karne ya 18 barafu hii ilisonga mbele ikawahamisha Watlingiti wa Huna, wenyeji wa asili wa eneo hili, kutoka makwao. Mwaka 1794, msafara wa George Vancouver, nahodha mvumbuzi Mwingereza, uliikuta ikiwa imeziba karibu ghuba nzima. Leo barafu imerudi nyuma hata meli hupita takriban kilomita 100 za maji kabla ya kuufikia ukuta huo. Inasikitisha, na ni lazima kuyajua hayo unapoitazama.

Hifadhi huruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku, hivyo safari nyingi za Alaska hazifiki hapa. Hakikisheni jina Glacier Bay limo kwenye ratiba. Kwa wenye pasipoti za Kenya na Tanzania, visa ya Marekani peke yake huenda isitoshe, kwani meli nyingi huanzia Vancouver au hupitia Victoria, Kanada. Ulizeni kabla ya kulipa amana.