St Andrews au Carnoustie: Ucheze Wapi Gofu ya Pwani ya Scotland?

Swali hili humkabili mchezaji mwenye siku moja tu ya kucheza. Viwanja vyote viwili viko wazi kwa umma, ada zake zote ni kubwa, na katika vyote upepo wa bahari huamua fimbo ya kutumia kuliko umbali wenyewe.

Kwa uhakika wa nafasi, Carnoustie inashinda, kwa kuwa saa ya kucheza huwekwa miezi kadhaa kabla. Ilhali katika Old Course, uwanja maarufu wa St Andrews, wageni wengi hutegemea bahati nasibu inayochezeshwa siku mbili kabla, na kwa kawaida Jumapili uwanja hufungwa ili watu watembee humo.

Kuhusu ugumu, Old Course ni pana na humsamehe anayepiga kushoto, lakini ina mitego 112 ya mchanga, mingi ikiwa imefichika. Carnoustie haifichi kitu wala haisamehe: kijito cha Barry Burn hukatiza shimo la mwisho, ambapo mwaka 1999 Jean van de Velde, aliyeongoza kwa mapigo matatu, alitumia mapigo saba na hatimaye kuupoteza ubingwa wa Open, mashindano makubwa ya gofu, kwa Paul Lawrie. (Mpira wangu nao ungali humo.)

Mwenye ratiba finyu, anayetaka kupima kiwango chake, aende Carnoustie; mwenye siku za kusubiri na mapenzi ya historia avumilie bahati nasibu ya St Andrews.