Meza ya snuka ya nyumbani: pima raba kabla ya kusifia kitambaa

Kitambaa kilikuwa kipya, kijani kibichi, hakina hata alama ya chaki. Mbao zimepigwa vanishi mpaka zinang'aa. Chumba nilikuwa nimekiandaa kwa miezi. Muuzaji akaniambia meza imekarabatiwa, nikalipa, mafundi wakaifunga, wakaaga. Nikauweka mpira mweupe upande wa kuanzia, nikaupiga kwa nguvu zote uelekee upande wa mpira mweusi. Ulipogonga ukingo ulitoa mlio mzito, kama umegonga gunia la mchanga, kisha ukarudi ukijikokota na kuishia katikati ya meza. Raba ya kingo ilikuwa imekufa, na kile kitambaa kipya ndicho kilichoificha.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue meza gani, namuuliza kwanza kama raba ameipima. Wengi huhangaika na ukubwa wa chumba, na jibu lake ni fupi: kwa meza kamili ya futi 12 kwa 6, tenga mita 6.7 kwa 4.9 ili fimbo ipate nafasi pande zote, na hakikisha sakafu inaweza kubeba zaidi ya tani moja. Basi.

Raba ndiyo yenye mambo. Kwa nje huioni, maana imegandishwa kwenye ubao wa ukingo na kufunikwa kitambaa. Miaka, joto na jua huifanya iwe ngumu, ikapoteza ule mnepo unaourudisha mpira. Ibonyeze kwa kidole gumba juu ya kitambaa: nzima hubonyea na kurudi, iliyokufa hukaa kama mbao. Kisha piga mpira mweupe kwa nguvu, unyooke kwa urefu. Kwenye meza nzuri utaumaliza urefu huo mara nne, pengine tano. Sikiliza pia. Mlio mzito ukiwa sehemu moja tu, huenda ni bolti imelegea au gundi imeachia, na hilo fundi hulimaliza haraka. Ukiwa kila mahali, raba imekwisha. Kuibadilisha ni lazima kuchana kitambaa cha kingo zote, kwa hiyo hicho kipya ulichokilipia kinakwenda na maji.

Sasa mpangilio wangu wa meza za kununua.

Ya kwanza ni Riley, meza ya Kiingereza, ya zamani ya futi 12 iliyowekwa raba mpya. Sijifichi, Riley ndiyo meza yangu. Jina hilo lipo tangu 1878, na mafundi wanaijua vizuri. Chini ya kitambaa kuna vipande vitano vya sleti, yaani mawe bapa, na jiwe halizeeki kama raba. Likisawazishwa vizuri kwa pimamaji, litakuzika. Juu yake nataka kitambaa cha Strachan, cha sufu yenye manyoya yaliyolala upande mmoja, kinachopigwa brashi kuelekea upande wa mpira mweusi.

Ya pili, kama chumba ni kidogo, ni meza mpya ya futi 9 au 10, mradi iwe na sleti. Muuzaji akuandikie kwenye risiti raba yake ni ya aina gani. Akisema "ni raba ya kawaida", hajui anachouza.

Ya tatu ni Star mpya ya futi 12, kutoka China. Ni meza iliyotumika kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na kingo zake zina chuma nyuma ya raba, kwa hiyo mpira hurudi kwa kasi ile ile popote unapogonga. Nimeiweka hapa kwa sababu ya bei tu. Kwa mchezo wa nyumbani sioni haki ya kulipa tofauti kubwa namna ile.

Za mbao za kukunja ni za watoto.

Kinachoniuma mpaka leo ni neno "imekarabatiwa". Niliyemlipa alilitumia mara tatu, na nilipomrudia akaniambia ukarabati maana yake ni kitambaa na vanishi, raba ni kazi nyingine, kwa malipo mengine. Nikalipia kitambaa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Huo si ukarabati. Mtu anayevisha kitambaa kipya ameshazifungua zile kingo, raba ameishika kwa mkono wake, na amejua.

Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa meza iliyokwishafunguliwa na kuegeshwa ukutani vipande vipande. Ione ikiwa imesimama, na uicheze. Meza yangu ya pili niliiendea na mpira wangu mwenyewe mfukoni. Muuzaji alikunja uso, lakini nilizipiga kingo zote sita, moja baada ya nyingine, ndipo nikatoa pesa.