Rolling Stones bila Charlie: uzoefu wangu Hyde Park

Niseme mapema kwamba sikwenda kumwangalia Mick Jagger, mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones. Nilikwenda kusikiliza kile kiti cha nyuma, cha mpiga dramu. Charlie Watts, aliyekikalia, alifariki tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na mimi ni mmoja wa walioapa kwamba bila yeye hakuna bendi. Kiapo kilidumu mpaka tiketi zilipotangazwa. Tarehe 25 Juni 2022 nikawa Hyde Park, London, pamoja na mjomba wangu, aliyenifundisha nyimbo zao kwenye kanda kabla sijajua kuendesha baiskeli.

Habari ya kununua tiketi naipita haraka, nisije nikapandwa na hasira upya. Foleni ya mtandaoni, ukurasa umeganda, hela imekatwa mara mbili, siku tatu za kuandikiana barua pepe ndipo ya pili ikarudi. Tulipata za kawaida, za kusimama. Hapo watu wa jukwaani ni wadogo kama njiti za kiberiti, sura zao unazionea kwenye skrini. Anayetaka kuona jasho la mtu alipe zaidi akae mbele.

Mjomba ana goti bovu lakini masikio yake bado mazima. Watu wanasukumana kusogea mbele, yeye kanishika mkono: "Mpwa, tafuta hema la mafundi." Ni lile lenye meza ya kuchanganyia sauti, katikati ya uwanja. Fundi anarekebisha kila kitu kwa anavyosikia akiwa pale, kwa hiyo ukisimama karibu naye unasikia anachosikia yeye. Niliielewa tofauti nilipokwenda kutafuta maji pembeni kabisa: besi ipo, maneno yanaondoka na upepo. Na sauti hutembea kama mita 340 tu kwa sekunde. Ukiwa mbali na spika unaona mkono umeshashuka kwenye gitaa, mlio bado uko njiani. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye maelezo yangu haya, chukua hilo hema.

Walianza jua likiwa bado linawaka, maana London mwezi Juni giza linachelewa mno. Kabla ya noti ya kwanza skrini zikaonyesha picha za Charlie, kijana, mtu mzima, mzee, huku dramu peke yake ikilia. Watu waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza. Mjomba akavua kofia. Baadaye akanikumbusha kwamba bustani hiyohiyo, tarehe 5 Julai 1969, bendi hii ilipiga bure siku mbili tu baada ya kifo cha Brian Jones, mmoja wa waanzilishi wake, na Jagger akasoma shairi na vipepeo vikaachiliwa. Mara mbili hapohapo, msiba kwanza, muziki baadaye.

Sasa dramu. Kilichomtofautisha Charlie ni kitu kidogo ambacho ukishakiona hutaacha kukitafuta. Wapiga dramu wengi wa roki mkono wao wa kulia haupumziki, unagonga mfululizo matoazi ya mguuni, yale mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa kanyagio. Charlie, kila kijiti cha kushoto kilipotua kwenye dramu ya katikati, wa kulia aliuinua, toazi likakaa kimya. Pigo likabaki peke yake, kavu. Tena kwenye bendi nyingi gitaa ndilo linamfuata mpiga dramu, ila hapa Charlie ndiye aliyemfuata Keith Richards, mpiga gitaa, nyuma yake kidogo, ndiyo maana nyimbo zao zilikuwa na ule mwendo wa mtu anayetaka kuanguka na haanguki.

Steve Jordan, aliyekalia kiti hicho, si mtu wa kuokotwa. Amepiga na Keith kwenye kazi zake za nje ya bendi tangu miaka ya 1980. Anapiga kwa nguvu zaidi, mguu wake ni mzito, na wimbo ukianza unajua hautalegea mpaka mwisho. Dakika ishirini za kwanza nilikuwa nimekunja mikono kama mkaguzi. Nikimsikiliza Charlie ambaye hayupo, nikahesabu kila mahali ambapo angeacha nafasi na Jordan akaijaza. Halafu wakaingia kwenye wimbo mmoja wa taratibu, Jordan akapunguza, akaanza kumsubiri Keith, na bila kujua mikono yangu ikakunjuka. Ule mwendo wa kuyumba kwa kweli sikuusikia tena usiku ule isipokuwa hapo. Nilichopata ni bendi iliyokaza zaidi, na nafikiri wanaume wenye umri ule wanahitaji mtu wa kuwasukuma mgongoni.

Keith mwenyewe anapiga machache kuliko zamani, na machache hayo yanatosha. Skrini ilipomvuta karibu niliona vifundo vya vidole vyake, vinene kama tangawizi. Gitaa lake kwa nyimbo nyingi lina nyuzi tano tu. Ule mnene wa juu anautoa, zilizobaki anazifunga hivi kwamba akikung'uta bila kubana chochote inatoka kodi kamili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana. Mjomba, ambaye ujanani alikuwa mpiga rithimu, alisimama kwa ncha za vidole, goti na yote, ili aone mkono wa kushoto. Katikati ya onesho Jagger huondoka na Keith huimba nyimbo zake mbili. Ndio wakati umati unakwenda kununua bia. Msiondoke jamani! Sauti yake imekwaruzika lakini haiigizi.

Na Jagger? Mwezi uliofuata alikuwa anatimiza miaka 79. Aprili 2019 alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo, akarudi jukwaani Juni ileile. Siku 12 kabla ya usiku wetu onesho la Amsterdam lilikuwa limeahirishwa kwa sababu alikutwa na korona. Nilitegemea mtu wa kuketishwa kwenye stuli. Alikimbia lile daraja la kuingia kwenye umati mpaka mwisho, akarudi kinyumenyume, na bado akaiwahi maiki mstari wake ulipofika. Nilichogundua ni ujanja wa pumzi: mistari mirefu anaikata, nusu anaimba, nusu anatuachia sisi, na tunadhani ametupa heshima.

Mwisho wakarudi na "Gimme Shelter", wimbo ambao kwenye rekodi ya 1969 sauti ya Merry Clayton inapasuka mpaka nywele zinasimama. Mwanamke aliyeuimba usiku ule hakujaribu kuipasua ya kwake. Aliupandisha kwa njia yake, uso kwa uso na Jagger, na hapo giza lilikuwa limeshaingia na taa zikaanza kufanya kazi yake. Kisha "Satisfaction", ya 1965, na kila mtu akawa mwimbaji.

Kutoka ni mateso. Makumi ya maelfu mnaelekea milango ileile kwa mwendo wa konokono, na goti la mjomba likadai deni lake. Mwenye mzee wake amtoe wimbo mmoja kabla ya mwisho, akikubali. Wangu hakukubali. Nikipewa nafasi nitakwenda tena, tiketi ya kusimama vilevile, palepale kwenye hema.

Kwenye treni tukapata viti. Sikumuuliza maoni yake kuhusu Jordan, naye hakusema. Alikuwa amefumba macho, viganja viwili juu ya mapaja, anagonga taratibu, na kila wa kushoto uliposhuka, wa kulia uliinuka.