Kupoza kompyuta kwa maji: kabla hujanunua, panga foleni hii

Kama kompyuta yako ya kazi inanguruma na kuchemka hapa Kampala, au Jinja, au Gulu, na umeanza kutamani mfumo wa maji wa kuunda mwenyewe, ule wa pampu, tangi, rejeta na mipira unayoikata kwa mkono wako, jibu langu nalitoa mapema: uweke mwisho wa foleni. Unafanya kazi vizuri sana, sina ubishi. Ila kuna vitu vinne vya kutangulia, na mashine nyingi zikishapata hivyo vinne, joto la kulalamikia halipo tena. Nimevipanga kwa kuangalia kila shilingi inarudisha nini, na kwa kuangalia hali ya huku kwetu: vumbi, umeme, na vipuri vinavyotoka mbali.

Anza kwa kupima. Pakua HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto na kasi ya mashine, halafu ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa. Programu ya majaribio ya Cinebench inatosha kwa prosesa. Kama unahariri video, toa video ndefu ya kazi yako halisi. Usitishwe na namba ya joto peke yake. Prosesa za Ryzen 7000 zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikiwa kazini, na Core i9-14900K hufika 100 ndipo ijipunguze. Cha kuangalia ni kasi: je, inaporomoka chini ya ile kasi ya msingi iliyoandikwa kwenye boksi? Kama haiporomoki, huna tatizo la joto, una tatizo la kelele, na dawa yake ni nyingine.

Kisha fungua ubavu wa kasha, urudie kipimo kilekile. Joto likishuka kwa nyuzi tano au zaidi, kasha lako halipumui. Hapo hata ukitia maji ya dola 700, rejeta itafungwa ndani ya kasha lilelile lisilopumua.

Jambo hili la hewa watu hulisahau. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa joto lilelile. Feni ikizunguka mzunguko uleule inabeba joto pungufu. Maji hayakwepi hilo, kwa sababu nayo mwishowe hupozwa na feni kwenye rejeta. Na hakuna rejeta inayoweza kushusha maji chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa nyuzi 29 saa nane mchana, hapo ndipo unapoanzia.

Nafasi ya kwanza: brashi, pasta na kupunguza wati

Hii karibu ni bure, ndiyo maana iko juu. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, na kile cha Juni hadi Agosti, vumbi jekundu la barabara za murram linaingia kila mahali. Ng'oa feni ya kipozeo utazame mapezi yake upande ule feni ilipokuwa imeegemea. Utakuta vumbi na nyuzi za nguo vimeshikamana, vimekuwa kama kipande cha blanketi ambacho unaweza kukibandua kwa kucha kikatoka kizima. Ukitazama kwa nje, feni inazunguka na taa zake zinawaka, kumbe hewa haipiti. Piga upepo nje ya nyumba, na ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana feni inayozungushwa kwa upepo mkali huharibika beringi.

Halafu badilisha pasta ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo. Mashine iliyokaa miaka mitatu au minne, hasa iliyonunuliwa imeshatumika, mara nyingi pasta yake imekauka imekuwa chokaa. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha kabisa; tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe.

Kupunguza wati ndiko kunakonishangaza kila mara kwa jinsi watu wasivyokutumia. Ryzen 9 7950X huweza kuvuta hadi wati 230. Ukiingia BIOS, ile mipangilio unayoifungua mashine inapowaka, ukaiwekea hali ya kubana matumizi, inapoteza kasi kidogo tu na joto linaanguka vibaya mno. Kadi ya grafiki ya RTX 4090 imepangiwa wati 450; ishushe hadi asilimia 75 kwa programu ya MSI Afterburner, na katika kazi nyingi utapoteza asilimia chache tu za kasi. Kila wati usiyoivuta ni joto ambalo halihitaji kupozwa, na ni yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zinazobaki kwenye mita. Kama UPS yako ni ndogo, utaona pia inakuvusha muda mrefu zaidi umeme ukikatika.

Ya pili: kasha na feni zake

Kasha lenye wavu mbele, feni mbili au tatu za kuingiza hewa na moja ya kuitoa nyuma. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa ya ndani isukume kutoka kwenye nyufa badala ya vumbi kunyonywa kupitia nyufa hizohizo. Chagua lenye chujio unalochomoa bila bisibisi, ulioshe kwa maji na sabuni, ulianike. Kioo kizima mbele ni pambo linalokugharimu hewa.

Wenye mashine za ofisini zilizotumika, Dell OptiPlex na wenzake, wapitie hapa haraka. Nyingi zina mothabodi, pawa saplai na plagi za feni za umbo lao wenyewe, na vipozeo vya kawaida havifungiki bila kuhangaika. Safisha, badilisha pasta, basi. Pesa iliyobaki iweke kwenye akiba ya mashine nyingine.

Ya tatu: kipozeo kikubwa cha hewa

Ukiniambia nunua kitu kimoja tu, ni hiki. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, yenye minara miwili na feni mbili, huuzwa nje kwa dola 35 hadi 40 hivi, na inasogea karibu sana na vipozeo vya maji vya bei mara tatu yake. Noctua NH-D15 iko juu ya dola 100, kimya zaidi, na vifungio vyake hudumu kuliko prosesa utakayoifungia. Kinachoweza kufa ni feni peke yake, na feni ya milimita 120 unaipata mjini siku hiyohiyo. Faida hii haionekani kwenye majedwali ya vipimo, lakini kwa mtu ambaye mteja anasubiri kazi Jumatatu asubuhi, ina thamani kuliko nyuzi tano za tofauti.

Pima kasha kabla ya kulipa. Peerless Assassin ina urefu wa milimita 155, NH-D15 milimita 165, na kasha jembamba halifungi. Angalia pia RAM zenye mapezi marefu.

Uzito ni wa kuuheshimu. NH-D15 na feni zake ni karibu kilo 1.3, na zote zinaning'inia kwenye mothabodi. Ukiisafirisha mashine kwa basi kwenda Arua, au hata kwa boda kutoka mjini hadi Ntinda, ng'oa kipozeo kwanza. Ikishindikana, ilaze kasha ili mnara usimame wima, na uibebe hivyo njia nzima. Shimo moja la barabara linatosha kupinda mothabodi.

Ya nne: kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani

Kina rejeta, mipira miwili na pampu iliyo juu ya prosesa. Hujazi maji wala hufungui kitu. Kina haki kwa mwenye prosesa inayomeza wati nyingi muda mrefu, mfano 14900K iliyoruhusiwa wati 253, au kwa kasha lisilo na nafasi ya mnara mrefu. Chukua rejeta ya milimita 360 kasha likiruhusu. Ile ya 120 haina faida juu ya mnara mzuri wa hewa. Arctic hutoa dhamana ya miaka 6 kwa Liquid Freezer III, na hilo ni jambo la kulitazama, ingawa dhamana inayokudai urudishe mzigo Ulaya kwa gharama yako ni ya kuhesabia nusu.

Kifunge rejeta ikiwa juu ya kasha, au mbele lakini kichwa chake kikiwa juu kuliko pampu. Hewa kidogo iliyomo ndani hupanda sehemu ya juu kabisa, na ikikaa kwenye pampu, pampu itagugumia mpaka ife. Pampu ikifa, mashine imelala, kwa hiyo weka kipozeo kidogo cha hewa kwenye droo. Na usinunue cha aina hii kilichotumika, hata kikiwa nusu bei. Maji hupungua polepole kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda, na huwezi kuyaona.

Ya tano: mfumo wa kuunda mwenyewe

Nawaona watu wawili wanaofaidika nao kweli. Wa kwanza ana kadi ya grafiki ya wati 350 na kuendelea inayofanya kazi usiku kucha: picha za pande tatu za wasanifu majengo, mafunzo ya akili mnemba. Wa pili ana studio ya kurekodi ambapo kompyuta na maikrofoni vimo chumba kimoja. Huyu wa pili ndiye namwonea wivu mfumo huu, maana kimya chake hakina mpinzani: rejeta mbili kubwa zinapozwa na feni zinazojizungukia polepole, mizunguko 700 au 800 kwa dakika, na sauti ya mwimbaji inabaki peke yake.

Kwenye kadi ya grafiki joto hushuka kwa nyuzi 20 au zaidi ukilinganisha na feni zake za kiwandani. Kwenye prosesa tofauti ni ndogo, kwa sababu joto linakwama kabla halijafika kwenye maji: kipande kidogo cha silikoni lazima kilisukume kupitia kifuniko cha chuma. Kasi ya michezo inaongezeka asilimia chache tu, kwa hiyo usitoe pesa kwa ajili hiyo. Na chumba hakipoi hata kidogo. Wati 500 zikitoka kwa feni au kwa rejeta, chumba cha hosteli pale Kikoni kitakuwa na joto lilelile.

Gharama: kibamba cha maji (kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji) cha kadi dola 120 hadi 250, cha prosesa 60 hadi 120, pampu na tangi 100 hadi 200, rejeta mbili, feni sita, na fitingi kumi au zaidi za dola tano hadi kumi kila moja. Fitingi ndizo zinazowashangaza watu. Kufika dola 600 ni rahisi, zaidi ya shilingi milioni mbili, kabla ya usafiri wa ndege na VAT ya asilimia 18. Bykski na Barrow wa Uchina hupunguza bili. Alphacool na Watercool wa Ujerumani ni ghali zaidi. Agiza fitingi tatu za ziada, mita moja ya mpira wa ziada na pete za mpira za kuzuia kuvuja, kwa sababu pete moja ikipotea utaisubiri kwa wiki kadhaa.

Mipira laini, si mabomba magumu. Ya PETG hulegea maji yakikaribia nyuzi 60, na pampu ikisimama maji hupanda upesi.

Maji yasiwe ya bomba wala ya mvua. Maji yaliyosafishwa kwa mvuke yanauzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, lakini soma chupa vizuri: pembeni yake huwa pana asidi ya betri, na wauzaji wengi huita zote mbili jina moja. Ongeza dawa ya kuzuia ukungu na kutu iliyotengenezwa kwa kompyuta. Fundi akikushauri rejeta ya gari kutoka Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, mshukuru na ukatae. Nyingi siku hizi ni alumini, na alumini ikikutana na kibamba cha shaba ndani ya maji yaleyale, alumini inaliwa taratibu na matope yake yanaziba vijia vyembamba vya kibamba.

Kabla ya kuwasha, washa pampu peke yake, mothabodi ikiwa haina umeme. Zungushia kila fitingi karatasi laini nyeupe ya chooni na uache maji yazunguke saa 24. Doa dogo la unyevu litaonekana kwenye karatasi muda mrefu kabla ya tone kudondoka juu ya kadi. Umeme ukikatika katikati, hesabu tangu mwanzo. Kisha jipangie kubadilisha maji mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi ukiweka yenye rangi.

Jambo la mwisho kabla ya kuagiza: kibamba lazima kilingane na kadi yako hasa, si jina la RTX tu bali mtengenezaji na toleo, kwani mbao za saketi hutofautiana hata kwa kadi za jina moja. Muulize muuzaji kwa kumtumia picha ya ubao wenyewe. Feni na skrubu za awali za kadi ziweke kwenye mfuko wenye jina, ndani ya boksi lake. Siku ya kuiuza, mnunuzi wa Kampala ataitaka ikiwa na feni zake.