Bill Walsh, Mwalimu wa Makwotabeki: Tathmini ya Kazi Yake

Tukimpima kocha wa futiboli ya Kimarekani kwa makwotabeki (wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi) aliowalea, Bill Walsh anastahili alama za juu kabisa. Huko Cincinnati, alipokuwa kocha msaidizi wa timu ya Bengals, kwa kuwa kwotabeki Virgil Carter hakuwa na mkono wa kurusha mbali, alibuni mfumo wa pasi fupi zinazotolewa kwa wakati maalumu, kisha akamnoa kwotabeki mwingine, Ken Anderson, kwa mfumo huohuo. Mwaka 1979 San Francisco 49ers, timu aliyokuwa akiifundisha Walsh, walimchagua kwotabeki Joe Montana akiwa wa 82 katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, na Walsh akamsisitizia mpangilio wa hatua za miguu, uamuzi ninaouona kuwa kiini cha ualimu wake. Ushindi wa Super Bowl (fainali ya ubingwa wa ligi) tatu ulifuata. Kasoro yake ni moja: baada ya kwotabeki Steve Young kuwasili mwaka 1987, Walsh aliuacha ushindani kati ya Young na Montana uendelee mno.