Titi la kufuma kwa uzi wa pamba: zuri kwa miezi ya mwanzo, jepesi mno kwa kazi ya kutwa

Kwa aliyeondolewa titi moja, titi hili bandia la kuvaliwa ndani ya sidiria ndilo la kuanza nalo. La silikoni hungoja kovu lipone, kwa kawaida wiki 6 hadi 8, na kwa joto la Dar ngozi iliyo chini yake hulowa jasho. Maelekezo yanayotumika sana ni ya Knitted Knockers, mradi wa Barbara Demorest wa Bellingham, jimbo la Washington, ulioanza 2011. Yanatolewa bure, ya sindano na ya kroshia. Shangazi anayefuma kofia za watoto atayaweza.

Uzi uwe pamba laini. Sufu huwasha kwenye kovu. Ndani jaza pamba ya mito ya poliesta, si sufi ya mti wa msufi, kwani sufi ikilowa hushikana mabonge.

Kasoro yake kubwa ni wepesi. Titi lililobaki linavuta chini, la uzi halivuti, kwa hiyo sidiria hupanda upande mmoja na kufika mchana imeshakaa mshazari. Kovu likishapona, shona kifuko kidogo, tia shanga za kioo, kisukumie katikati ya pamba upande wa chini, kisiguse kifua. Ongeza shanga kidogo kidogo. Ndani ya sidiria shona mfuko wa kitambaa, mdomo wake uelekee kwapani. Bila huo, mtu akiinama kufagia titi linachomoka. Mikanda iwe mipana, hasa kama tezi za kwapani zimeondolewa, maana mkono wa upande huo ni mwepesi kuvimba na mkanda mwembamba unambana bure.

Kujitazama kwenye kioo peke yake hudanganya. Mume au dada asimame ubavuni, mwenyewe avae fulana ya kubana, ainue mikono, ainame. Kosa la wengi ni kushindilia: titi linakuwa duara gumu kama mpira, wakati mwenzake amelala. Legeza kamba inayofunga titi hilo kwa nyuma, punguza pamba.

Fua kwa mkono, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, anika kivulini. Fuma mawili ili moja likiwa kambani jingine livaliwe. Wakati wa mionzi waulizwe wauguzi kwanza. Ngozi ikibabuka, hata pamba hukwaruza.

Kwa kazi ya kutwa silikoni bado inashinda, kwa mwenye uwezo. Ila aliyeondolewa yote mawili hana cha kusawazisha, na huyo la uzi linamtosha asubuhi hadi jioni.